Sifuri za Miezi ya Eda

Mchoro uliompa Leonia sifa ofisini aliuchora kwa dakika ishirini, Jumatano moja ya mwezi wa pili, huku akila mihogo ya kukaanga kwa mkono wa kushoto ili wa kulia usitie mafuta kwenye vitufe vya kompyuta. Bi Kidawa, mwenye nyumba aliyempangisha chumba pale Utende, angemwona angemkemea. Lakini ofisini alikuwa peke yake, na kazi ilikuwa imemnogea.

Mradi uliomwajiri ulikuwa mmoja wa ile miradi midogo iliyoota pembeni ya hifadhi ya bahari miaka ile: vyumba viwili, boti moja ya fiberi na mkuu mmoja. Kwa miaka miwili mradi ulikuwa umemkabidhi mwanamke mmoja wa kisiwa cha Juani mizani na daftari, apime pweza wanaochokolewa na wanawake wenzake kwenye Mwamba Kati maji yakipwa. Karani aliyemtangulia Leonia aliyaingiza madaftari yale kwenye kompyuta, mwezi kwa mwezi: mwanamke akienda mwambani mara moja, anarudi na kilo ngapi. Miezi ishirini na minne. Leonia, mwenye shahada ya hisabati na miaka mitatu ya kukaa nyumbani Muleba bila kazi, alitakiwa aigeuze orodha ile iwe picha.

Aliandika programu kwa lugha ya kompyuta ya Python, mistari isiyofika thelathini. Alipoiendesha ikagoma. Kulikuwa na visanduku vitano vitupu, vyote mwishoni, kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi na mbili, na programu ilikataa kupitisha mkunjo, ule mstari wa kupinda unaofuata namba, mahali pasipo na namba. Akaongeza agizo moja fupi: penye pengo, weka sifuri. Hakufikiri sana. Akaiendesha tena, na mchoro ukatoka. Nukta ishirini na nne za buluu, na katikati yake mkunjo mwekundu ulioanza juu kwenye kilo sita, ukaenda karibu tambarare, kisha ukaporomoka mpaka ukagusa mstari wa chini.

Bwana Polycarp, mkuu wa mradi, aliuangalia akiwa amesimama nyuma ya kiti chake. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, wa parokia moja na kina Leonia huko Kagera. Yeye ndiye aliyemtafutia nafasi ile.

"Hii picha inasema yenyewe," alisema. "Hizi nukta zitoe, zinachafua. Bakiza mstari tu."

Leonia akazitoa. Wiki tatu baadaye mkunjo ule mwekundu ulikuwa kwenye jalada la ripoti, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina lake. Alipiga picha ya lile jalada akamtumia mama yake.

Ripoti ilipendekeza Mwamba Kati ufungwe mwaka mzima, asiingie mtu. Kilichobaki kilikuwa mkutano wa kijiji Juani, Alhamisi, wananchi waridhie na kutia saini.

Jumanne jioni, Bi Kidawa alikuwa anakuna nazi uani, Leonia amekaa kizingitini akichambua mchele.

"Alhamisi si ndiyo mnakwenda Juani?" Bi Kidawa aliuliza. "Mtamkuta Somoe, yule anayewapimia pweza. Nisalimie. Mwambie sijapata nafasi ya kwenda kumpa mkono tangu alipofiwa na mumewe."

"Pole yake. Kafiwa lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa nane mwanzoni. Kakaa eda yake yote, mwanangu, miezi minne na siku kumi, hata mguu hakutoa nje. Katoka Desemba, katikati hivi."

Leonia aliendelea kuchambua mchele, lakini vidole vilikuwa vinahesabu kitu kingine. Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba.

Aliaga, akaingia chumbani, akafungua kompyuta juu ya kitanda. Alitafuta lile agizo fupi akalifuta, akaiambia programu iruke penye pengo badala ya kupajaza. Akarudisha na nukta. Zilikuwa kumi na tisa sasa. Mkunjo ulitoka tofauti kabisa: ulianza kwenye kilo sita, ukateremka taratibu, ukafika kwenye tano na ushei, ukatulia hapo. Kule mwisho palipokuwa na maporomoko hapakuwa na kitu, nafasi nyeupe tu.

Alijaribu namna nyingine. Aliubana mkunjo uwe mstari ulionyooka, nao ukashuka kidogo. Akaupa kipeo cha tano, ruhusa ya kujipinda mara nyingi, mkia ukapinda juu, kana kwamba mwakani pweza watajaa mpaka pwani. Mikunjo mitatu kwa nukta zilezile, na yote ilitii. Alikaa pale jasho likimtoka mgongoni, akasikia Bi Kidawa akimwita chakula, akaziangalia tena nukta.

Asubuhi yake alimweleza Bwana Polycarp kila kitu, amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Ni kosa langu, bosi. Nilijaza sifuri mahali ambapo hakuna aliyepima."

Bwana Polycarp alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Mkurugenzi wetu wa Dar es Salaam ameuonyesha ule mchoro mbele ya wafadhili. Uko kwenye jalada, Leonia. Jalada." Alirudisha miwani. "Kwani pweza hawapungui?"

"Wanapungua, ila kidogo. Huwezi kufunga mwamba mwaka mzima kwa hicho kidogo. Wanawake wale hawana kwingine pa kuchokoa kwa miguu."

"Pweza wakipumzika mwaka mmoja hakuna atakayekufa. Tukirudi nyuma leo, hakuna atakayetuamini tena, hata siku tutakayokuwa na haki. Tutarekebisha kwenye ripoti ya katikati ya mwaka, kimyakimya." Akavuta kiti, akakaa. "Na kesho utaeleza wewe. Mchoro wako, jina lako. Mimi nikiulizwa habari za hesabu nitababaika."

"Bosi, mimi siwezi."

"Nilisimama mbele ya watu nikasema huyu binti namfahamu," alisema Bwana Polycarp, bila kupandisha sauti. "Usinifanye mwongo."

Siku nzima Leonia alitafuta pa kutokea. Akijisingizia ugonjwa, Bwana Polycarp angeusoma mchoro mwenyewe na mwamba ungefungwa vilevile. Akiacha kazi, angepanda kile kindege cha uwanja wa Kilindoni kurudi Muleba, kwenye nyumba ambayo picha ya jalada ilikuwa imeshazungushwa kwa majirani wote. Akimpigia simu mwenyekiti wa Juani, angesema nini kwa mtu ambaye hajamwona? Kila alikogeukia alikuta ameshatangulia mwenyewe, na ile sifuri yake mkononi.

Alhamisi walivuka mapema, maji yakiwa yamejaa. Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule. Vijana walitundika shuka jeupe ukutani, jenereta ikawashwa dirishani, na mkunjo mwekundu ukatokea mkubwa kuliko mtu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Haruni, alifungua kwa dua, akamkaribisha mgeni.

Leonia alieleza. Huku ni miezi, huku ni kilo. Mwanzo ilikuwa sita. Aliusikia mdomo wake ukisema maneno yaliyoandaliwa, na hapakuwa na mtu aliyemkatiza. Alipomaliza, Mzee Haruni aliinuka.

"Yaani, binti yangu, pweza wamekwisha?"

Leonia alimtazama Bwana Polycarp. Bwana Polycarp alikuwa anatazama shuka.

"Mchoro unaonyesha hivyo," alisema.

Minong'ono ilipita kwenye madawati ya wanawake. Mmoja alisema kwa sauti kwamba yeye juzi tu karudi na watano. Mwingine akamwambia bahati yako. Mzee Haruni aliinua mkono.

"Jamani, kapima mwenzetu mwenyewe, Somoe huyu hapa. Mizani ikishasema, tutabishana na nani?"

Macho yakageuka. Mwanamke wa makamo, mwembamba, aliyekaa karibu na ukuta, hakuangalia shuka wala wenzake. Alikuwa anamwangalia Leonia.

Walitia saini muhtasari wa mkutano. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba. Mzee Haruni akagonga muhuri, na Bwana Polycarp akautia muhtasari kwenye begi lake, akafunga zipu. Saa tano ilikuwa haijafika.

Waliposhuka pwani, boti ilikuwa imepwelewa. Maji yalikuwa yamerudi mbali, na chombo kimelalia ubavu kwenye mchanga na majani ya bahari. Nahodha alisema hapana ujanja, mpaka saa kumi alasiri. Basi wakarudi shuleni kusubiri, na wanawake, ambao walikuwa wamekwisha kupika, wakawatandikia mkeka barazani.

Ulikuwa wali na pweza wa nazi. Pweza mkubwa, vipande vinene, wa jana tu mwambani. Bwana Polycarp alinawa, akashukuru na kuanza kula. Leonia aliuweka mkono kando ya sahani ukabaki pale.

Aliyekuwa akizungusha maji ya kunawa alikuwa Somoe. Alimsogelea Leonia, akachuchumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Dada, nina swali. Mle darasani sikutaka kukuvunjia heshima." Aliongea kwa sauti ya chini, birika mkononi. "Ile miezi yangu ya eda, mliandika nini?"

Leonia alilitazama birika.

"Sifuri."

"Sifuri maana yake hakuna pweza?"

"Ndiyo."

"Lakini pweza walikuwepo. Asiyekuwepo ni mimi." Somoe alisema hivyo bila ukali, kama anayemsahihisha mtoto. "Nilikuwa kizuka, nimefungiwa ndani. Wenzangu wanapita na vikapu vyao, nawasikia. Kwa hiyo leo, mbele ya kijiji kizima, daftari langu limesema uongo."

"Daftari lako halikusema uongo, mama. Liliacha wazi. Aliyejaza ni mimi."

"Umejua lini?"

Angeweza kusema leo. Angeweza kusema sasa hivi.

"Juzi."

Somoe alimmiminia maji mkononi mpaka birika likaisha. "Juzi," alirudia. Akainuka akaenda zake jikoni, na hakugeuka.

Leonia alibaki na mkono uliolowa. Mbele yake kulikuwa na uwanja wa shule, kisha minazi, kisha mchanga mtupu na boti iliyolala. Muda wote mpaka saa kumi ulikuwa mbele yake, na sahani, na wanawake waliokuwa wanaulizana wao kwa wao watafanya nini mwaka mzima. Alifikiri: hata nikinyamaza, yule anajua. Nitavuka, nitalala, nitaamka, na yule atakuwa anajua.

Alinyanyuka, akaingia darasani, akatoka na kompyuta amekumbatia kifuani.

"Mzee Haruni, naomba watu warudi. Kuna kitu nimewaeleza vibaya."

"Leonia," aliita Bwana Polycarp, tonge mkononi. "Kaa chini ule."

"Nimekosea hesabu, mzee. Nataka waone."

Jenereta ilikuwa imekwisha kufungwa, kwa hiyo hakukuwa na shuka wala picha kubwa. Aliiweka kompyuta juu ya dawati barazani, watu wakabanana nyuma yake, wengine wakichungulia juu ya mabega. Kwanza alirudisha nukta, na watu wakaona zile tano zilizojipanga chini kabisa kama zimepigiwa mstari.

"Hizi tano ni Agosti mpaka Desemba," alisema. "Miezi hii Bi Somoe alikuwa eda. Hakuna aliyepima. Mimi nikaandika sifuri. Kompyuta haijui eda, imeona sifuri, ikadhani mmerudi mikono mitupu miezi mitano. Sasa nazitoa."

Alibonyeza. Mkunjo ulinyanyuka mbele ya macho yao. Mtu nyuma alisema, "Lo!" Wanawake wakaanza kusema wote kwa pamoja: Oktoba ile ndiyo ile ya mvua, ile ambayo fulani alileta pweza wa kulisha harusi nzima.

"Sasa, kwa kauli yako," alisema Mzee Haruni, "wanapungua au hawapungui?"

"Wanapungua kidogo. Zaidi ya hapo sijui."

"Asubuhi ulijua, mchana hujui," alisema mwanamume mmoja, na vicheko vilivyofuata havikuwa vya furaha.

Mzee Haruni alimgeukia Bwana Polycarp. "Tunaomba ule muhtasari."

"Umeshagongwa muhuri, mwenyekiti. Huo sasa ni waraka wa kwenda wilayani. Haya mengine ni ya kitaalamu, tutayamaliza ofisini kwa utaratibu."

"Boti yenu iko mchangani, Bwana Polycarp," alisema Mzee Haruni kwa adabu zote. "Muda wa kuzungumza tunao."

Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyepaza sauti. Wanawake walikaa tu chini, kuanzia kwenye ngazi za baraza mpaka kwenye njia ya kuendea pwani, wakanyoosha miguu. Bwana Polycarp alivua miwani, akaivaa. Alikunywa maji. Leonia alimwona jinsi alivyokuwa anatazama ule mchanga mtupu, na kwa mara ya kwanza akamhurumia, maana aliijua ile sura. Alikuwa ameivaa yeye tangu Jumanne. Ilipofika saa nane ndipo zipu ya begi ilipofunguliwa.

Mzee Haruni aliandika chini ya saini, kwa kalamu nyekundu: imesitishwa mpaka vipimo vitakaporudiwa. Akagonga muhuri mara ya pili. Bwana Polycarp akatia saini yake.

Wakati wa kuvuka alisema jambo moja tu. "Ningerekebisha. Nilikwambia ningerekebisha." Leonia hakujua kama ni kweli. Inawezekana ilikuwa kweli.

Hakufukuzwa kazi. Kumfukuza kungetaka barua, na barua ingetaka sababu, na sababu ingesomwa Dar es Salaam. Badala yake kompyuta ilichukuliwa "kwa matengenezo", naye akahamishiwa stoo, aorodheshe maboya, kamba na makoti ya kuokolea. Stoo haikuwa na dirisha. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi ishirini na moja. Mama yake alipopiga simu kuuliza kama kuna jalada jingine, alimwambia wanaandaa.

Mwezi wa nne, waraka wa mradi kwenda kijijini uliletwa mkononi mwake, autie kwenye bahasha. Aliusoma akiwa amesimama mlangoni kupata mwanga. Ulisema mapendekezo ya kufunga mwamba yameondolewa "kutokana na kasoro zilizosababishwa na mkusanya takwimu wa kijiji kutowasilisha vipimo", na kwamba mkusanya takwimu huyo hataendelea na kazi.

Aliusoma tena. Kisha akautia kwenye bahasha, maana ndiyo kazi aliyopewa, akaifunga.

Jioni hiyo alikaa mezani kwa Bi Kidawa na karatasi za shule, akaandika barua yake mwenyewe kwa mkono. Aliandika kwamba Bi Somoe alipima kwa uaminifu miezi kumi na tisa na kuacha wazi mitano kwa sababu ya eda, kwamba aliyeweka sifuri ni yeye, Leonia, kwamba hakuuliza. Akachora kwa rula michoro miwili, wenye sifuri na usio na sifuri, nukta zote zikiwemo. Bi Kidawa aliisoma, akasema, "Hii wakiiona hao wenzako, mwanangu, hata hiyo stoo watakutoa." Leonia akasema anajua, akaandika nakala ya pili.

Jumamosi alivuka kwa chombo cha abiria pamoja na wenye magunia yao. Mzee Haruni aliibandika barua kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, juu ya ule waraka wa mradi, akamtuma mtu akamwite Somoe.

Somoe alikuja na daftari lake kwapani. Aliisoma barua pole pole, kidole kikifuata mistari, midomo ikitembea. Leonia alisimama akingoja, jua likimpiga utosini.

"Hapa umeandika hukuuliza," alisema Somoe hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Kweli. Hukuuliza." Akanyoosha mkono. "Hiyo nyingine nipe mimi. Nitaiweka na karatasi za marehemu."

Hakusema kwamba amesamehe, na Leonia hakuomba.

Mwezi wa sita wanawake wa Juani walikutana wenyewe, wakafunga nusu ya mwamba kwa miezi mitatu, nusu wakaiacha. Walinunua mizani yao, wakamkabidhi Somoe. Mradi haukualikwa. Bwana Polycarp alisikia habari hizo sokoni kama watu wengine, akaziingiza kwenye ripoti ya katikati ya mwaka kama mafanikio ya mradi.

Leonia aliendelea na stoo. Ile barua ilijulikana, akapewa onyo la maandishi, na mlango wa ofisi ya mbele ukawa hauingiliki kwake bila kuitwa. Siku moja alimkuta Somoe gatini Utende, akashindwa kujizuia, akamwomba alione daftari jipya, hata kurasa mbili, apate kujua mkunjo unaelekea wapi.

"La," alisema Somoe. "Hili ni la kijiji. Ukitaka kujua kitu, njoo Juani uulize."

Akapanda chomboni. Leonia akarudi stoo, ambako kulikuwa na makoti arobaini na matatu ya kuokolea, na siku hiyo alitakiwa ayahesabu upya.